Tuonane kabla ya kanisa, au tusubiri mlangoni?

Swali: Shikamoo dada. Tunafunga ndoa Jumamosi moja ya mwezi wa Juni hapa Dar es Salaam. Kanisa letu la Kilutheri liko Kinondoni, ibada ni saa 9 alasiri, na ukumbini Mbezi Beach tunatakiwa kuingia saa 1 usiku. Mpiga picha anashauri tukutane wawili tu saa 6 mchana kwenye bustani ya hoteli, tuonane tukiwa tumeshavaa, atupige picha zetu zote, halafu ndipo twende kanisani. Anasema siku hizi kila mtu anafanya hivyo. Mchumba wangu hataki. Anasema anataka kuniona kwa mara ya kwanza nikiingia na baba. Shangazi yangu wa Lushoto ametamka waziwazi kwamba ni mkosi. Mimi mwenyewe natamani, kwa sababu naogopa umati, na najua siku hiyo sitapata hata dakika tano za kuwa naye. Nifuate ya nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera.

Ukiisoma tena barua yako utaona watu wanne wanabishana juu ya mambo manne. Mpiga picha anawaza mwanga. Mchumba wako anawaza mlango wa kanisa. Shangazi anawaza heri. Wewe unawaza dakika tano za utulivu. Kwa kuwa yote yamefungwa pamoja na kupewa jina moja, mnadhani ni lazima myakubali yote au myakatae yote. Tuyafungue.

Nianze na mwanga, maana hapo mpiga picha wako ana hoja, ingawa dawa yake siipendi.

Mwezi wa Juni jua la Dar es Salaam linazama kama saa 12 na robo jioni. Ni kipindi ambacho magharibi yetu inawahi kuliko karibu miezi yote. Januari na Februari jua hukawia hadi kama saa 12 na dakika 45. Halafu huku kwetu giza halibembelezi. Jua likishatua una kama dakika 20 za mwanga wa kufanyia kazi, baada ya hapo watu wanaanza kufungua mataa na kutafuta soketi. (Kama una ndugu Kigoma waliokuambia walipiga picha za harusi mpaka karibu saa 1, usiwaone waongo. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua la Kigoma huzama kama dakika 40 baada ya la Dar.)

Sasa pitisha ratiba yako humo. Ibada ianze saa 9 kamili, tuseme. Kwa mahubiri, kwaya mbili na salamu za hapa na pale, mkitoka saa 10 na nusu mshukuruni mchungaji. Kuna kusaini vyeti. Kuna vigelegele na matarumbeta mlangoni. Kuna picha za kwenye ngazi: wazazi wa huku, wazazi wa kule, wajomba, wanakwaya, wenzake wa ofisini, kikundi cha akina mama cha mama mkwe wako ambao wameshona sare na hawatakubali kuondoka bila picha. Hiyo ni nusu saa kama yupo mtu mkali anayeita makundi kwa majina. Kama hayupo, ni saa nzima. Msafara unaondoka saa 11, au saa 11 na nusu. Mkifika mahali pa kupigia picha saa 11 na dakika 40, mmebakiwa na dakika 35.

Dakika 35 za jua lililolala zinamtosha mpiga picha anayeijua kazi yake. Ubaya ni kwamba ratiba hii haivumilii kuchelewa. Saluni ikikukalisha nusu saa zaidi, imekwisha. Mchungaji akiwa na ndoa tatu siku hiyo na yenu ikiwa ya pili, imekwisha. Nimeshika albamu za watu waliolipa pesa zote, na ndani yake picha za wawili karibu zote zimepigwa kwenye maegesho ya ukumbi chini ya taa ya mlinzi. Kwa hiyo mpiga picha wako akisema anaogopa, msikilize.

Lakini saa 6 mchana bustanini? Dar jua hufika juu kabisa kama saa 6 na dakika 25 hivi. Juni kuna nafuu, kwa sababu linapita upande wa kaskazini. Ingekuwa mwanzoni mwa Machi au karibu na tarehe 10 Oktoba lingekuwa utosini kabisa, na kivuli chako ungekikanyaga. Hata hivyo hiyo nafuu haitoshi. Kwenye jua la namna hiyo macho yanaingia gizani, pua inachora kivuli juu ya mdomo, gauni jeupe linawaka mpaka urembo wa lesi hauonekani, na suti nyeusi inameza mwili wa mwenye nayo. Jasho linaanza na poda inakatika, na hapo bado saa tatu kufika kanisani. Picha nzuri ya saa hiyo hupigwa kivulini: baraza pana, chini ya mwembe mkubwa, au ndani ya chumba chenye dirisha kubwa. Muulize swali moja tu: "Saa 6 utatusimamisha wapi?" Akikutajia kivuli papo hapo, ameshafika pale na amepatazama. Akisema bustani nzima ni nzuri, basi amekuuzia kitu alichokiona mtandaoni kwa wapiga picha wa nchi ambazo jua lake la mchana ni la upole.

Ongeza na gharama ambayo hakuitaja. Ukitakiwa uwe umesimama mbele ya mchumba wako saa 6, gauni linavaliwa saa 5 na nusu asubuhi, na kiti cha saluni unakikalia saa 12 alfajiri, pamoja na wapambe wako ambao nao wanamgombea msusi huyo huyo. Utakuwa ndani ya gauni kwa zaidi ya saa 12, na mkia wake utakuwa umeshafagia nyasi za hoteli kabla haujaliona zulia la kanisa. Kuna pia safari ya ziada: kutoka saluni kwenda hotelini, na kutoka hotelini kwenda kanisani. Hapa mjini kila safari unayoiongeza kwenye ratiba ni nafasi nyingine ya kukwama kwenye taa, na wewe si wa kukwama: yapo makanisa yanayotoza faini maharusi wakichelewa, na yapo yanayokata ibada fupi ili ndoa inayofuata isisubiri.

Hilo la kila mtu siku hizi anafanya hivyo liache. Wanaofanya ni wengi kuliko zamani, kweli. Wapo ambao hata mimi huwashauri wafanye: wanaofunga ndoa ufukweni Zanzibar saa 11 na nusu jioni, kwa mfano. Hao ibada yenyewe inaula mwanga mzuri wote, na wakitoka hapo ni giza. Ninyi ibada yenu iko ndani ya jengo saa 9. Hamko kwenye hali yao.

Tuje kwa mchumba wako, ambaye kwangu neno lake ndilo zito kuliko mengine kwenye barua.

Kabla hamjabishana tena, nendeni kwa mchungaji mkamuulize: siku ile tunaingiaje? Watu wengi hawaulizi mpaka siku ya mazoezi. Kuna sharika ambako baba anamleta binti yake hadi mbele, bwana harusi anasubiri hapo. Kuna kwingine mchungaji anawapokea wote wawili mlangoni na wanaingia pamoja kwa maandamano. Kwa Wakatoliki, utaratibu wa ibada wenyewe hauna sehemu ya baba kumkabidhi binti. Maharusi wanaweza kupokelewa mlangoni na kuingia pamoja wakifuatana na padre, na mahali pengi hufanywa hivyo. Sasa kama kanisa lenu linawaingiza pamoja, yule anayengoja kukuona "mlangoni" atakuona nje, kwenye maegesho, matarumbeta yakilia, droni ikizunguka juu ya vichwa, mama mdogo akikunyoosha shela na mtu wa video akipaza sauti "bwana harusi, sogea kulia kidogo". Atakuwa amekataa jambo la faragha kwa ajili ya jambo ambalo halipo kwenye ratiba. Ni haki yake alijue hilo mapema.

Lakini kama utaingia na baba, basi ana haki, na wala usimlaumu kwamba ni mshamba. Wapiga picha wengi watakuambia kuwa hata akikuona saa 6, mlangoni machozi yatakuja tu, maana pale kuna baba yako, kuna kwaya, kuna watu mia tatu wamesimama. Wapo wa hivyo, nimewaona. Nimewaona pia wanaume wa aina nyingine, wanaokaza uso mbele ya watu na kulegea wakiwa peke yao, na hao kukutana faragha kunawafaa sana. Wa kwako amekuambia mwenyewe ni wa aina gani. Mtu akikwambia mapema kinachomgusa moyo, mwamini. Mwanamume aliyeburutwa kwenye bustani asiyoitaka husimama kama anapimwa suti, na hakuna lenzi ya kulirekebisha hilo.

Unaweza kumtania kidogo, ukipenda. Kwenye sendofu yako si atakuona umepambwa kuanzia kichwani hadi kidoleni? MC atakutuma uende kumtafuta katikati ya watu wa upande wake, utazunguka meza tatu ukijifanya humuoni, kisha utamleta mbele kumtambulisha. Kwa hiyo uso wako uliopambwa atakuwa ameshauona. Anachokilinda ni gauni jeupe na ule mwendo wa kuja kwake. Mwachie.

Shangazi nisimmalize kwa mstari mmoja, ingawa hoja yake ndiyo rahisi zaidi kuishughulikia. Mwiko wa bwana harusi kutomwona bibi harusi kabla ya kanisa ulitufikia pamoja na keki, shela na lile gauni jeupe lililopata umaarufu baada ya Malkia Victoria kuolewa nalo mwaka 1840. Angalia walioanza nao walivyoishi. Uingereza, hadi mwaka 1886, sheria ilitaka ndoa zifungwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Bwana harusi aliyekatazwa kumwona mchumba wake alikuwa anasubiri kuanzia usiku mpaka asubuhi, basi. Na wakitoka kanisani mchana mzima ulikuwa mbele yao. Sisi tuliuchukua mwiko tukaupeleka saa 9 alasiri, tukaongeza msafara na foleni, kisha tunashangaa jua limekwenda wapi.

Usimwambie shangazi hayo, lakini. Akina mama wa kwetu nao wana desturi za kumweka mwari ndani na kumficha macho ya watu mpaka siku yake, na hizo hazikuletwa na meli ya mtu. Anaposema mkosi, mara nyingi anamaanisha "msichezee jambo hili", na hapo hajakosea. Kama ni msomaji wa Biblia, kuna njia ya heshima ya kuzungumza naye: kisa cha Yakobo, aliyeamka asubuhi akamkuta Lea badala ya Raheli. Wayahudi wanaoshika mila, hadi leo, kabla ya ibada ya ndoa humleta bwana harusi kwa bibi harusi, amtazame usoni, kisha amfunike shela kwa mikono yake mwenyewe; wengi wao huieleza desturi hiyo kwa kisa hicho hicho. Yaani wapo watu wa Agano la Kale ambao kwao kuonana kabla ndiyo tahadhari. Mwambie kwa upole, halafu umpe kazi siku hiyo, awe yeye ndiye anayekushushia shela kabla ya kutoka nyumbani. Shangazi mwenye kazi hana muda wa kutabiri mkosi.

Sasa wewe. Umesema unaogopa umati na unataka dakika tano na mume wako. Hapa ndipo mpango wa mpiga picha unakudanganya zaidi, kwa sababu unaitwa wa faragha. Hebu hesabu watakaokuwapo kwenye hiyo bustani: mpiga picha na msaidizi wake mwenye ubao wa kuakisi mwanga, watu wawili wa video na kinasa sauti watakachokibandika kwenye koti la mwenzako, matroni wa kushika gauni, mpambe wa bwana harusi, na dereva anayechungulia. Utaambiwa uje kwa nyuma umguse bega. Ukimgusa, utaambiwa urudie, kwa kuwa nywele zilifunika uso. Ukitaka kumwambia mwenzako neno, litarekodiwa na kuwekewa piano. Faragha ya nani hiyo?

Unachokitafuta ni kuonana na mumeo faragha baada ya ndoa, na hicho tunacho tayari, tumekisahau tu makanisani. Angalia ndoa za Waislamu wa pwani yetu. Mkataba unafungwa kati ya bwana harusi na walii wa bibi harusi mbele ya mashahidi, mara nyingi msikitini, bibi harusi mwenyewe akiwa nyumbani. Kisha bwana harusi anapelekwa kwa mkewe. Wanawake wanamzuia mlangoni mpaka atoe pesa ndipo wamfungulie, anaingizwa chumbani, anampa mkono, anaweka kiganja juu ya kichwa chake na kumwombea dua. Hapo ndipo anapomwona na mapambo yake yote, akiwa mke wake halali, na kelele zote zimebaki upande wa pili wa mlango. (Wasomaji Waislamu wameshaniuliza swali kama lako, na jibu langu kwao ni fupi: kabla ya nikahi msikae faragha, na wala hamna haja, kwa kuwa desturi imeshawawekea saa yenu. Mtafuteni mpiga picha mwanamke, aingie dakika tatu baada ya dua, atoke.) Wale Wayahudi niliowataja nao hufanya vivyo hivyo ibada ikishakwisha: maharusi huingizwa chumba kimoja, wawili peke yao, mashahidi wakiulinda mlango, na mara nyingi hula chakula chao cha kwanza cha siku hiyo, maana wengi wao huwa wamefunga.

Kwa hiyo ombeni ofisi ya mchungaji au chumba kidogo cha nyuma. Mkishasaini vyeti msitoke. Wasimamizi wenu wasimame mlangoni, mle sambusa mbili na mnywe maji, dakika kumi, simu zote zikiwa nje. Watu wataendelea kucheza na matarumbeta. Hakuna aliyewahi kufa kwa kucheza dakika kumi zaidi. Na kutoka kanisani hadi ukumbini wasimamizi wapande gari lingine. Najua desturi ni wanne gari moja, lakini hakuna amri iliyoandikwa popote, na barabara ya kwenda Mbezi Beach jioni ya Jumamosi itawapa muda wa mazungumzo kuliko hoteli yoyote.

Woga wa kabla ya ibada una dawa nyingine ndogo, kama mchumba wako atakubali. Yeye awahi kufika kanisani na kukaa ndani ya ofisi. Wewe ukifika, usimame nje ya mlango ulio wazi nusu, mshikane mikono bila kuonana, mmoja wenu aombe. Dakika mbili. Mpiga picha anaweza kuipata kutoka mbali, na wengi huipenda kuliko zile za bustanini. Hata shangazi hatakuwa na la kusema.

Basi mwanga tuufanyeje? Jambo la kwanza, ombeni ibada isogee hadi saa 8 mchana. Bado kuna muda, na ofisi ya usharika ndiyo inayojua kama kuna nafasi. Msiende na hadithi ndefu, nendeni na ombi. Saa moja hiyo peke yake inamaliza hofu yote ya mpiga picha. Ikishindikana, andikeni orodha ya makundi ya picha za kwenye ngazi, yasizidi nane, na mumkabidhi mtu ambaye familia zote mbili zinamwogopa. Waliobaki watapigwa picha ukumbini, ambako watakaa saa tano nzima bila kazi nyingine.

Picha zote zisizohitaji ninyi wawili zipigwe mapema, kivulini, kila mmoja kwake: wewe na mama, wewe na wapambe, gauni, pete, yeye na ndugu zake. Hiyo ni sehemu kubwa ya albamu, na hakuna mwiko unaoguswa.

Na mahali. Hujasema mnakwenda wapi, lakini kutoka Kinondoni nabashiri ni Coco Beach, wengi hukimbilia huko. Coco inatazama mashariki. Jua la jioni huwa limejificha nyuma ya majumba, kwa hiyo ile picha ya jua likizama baharini hamtaipata pale. Mtapata mwanga wa kivuli na foleni ya wala mihogo. Anayetaka jua na maji jioni aende upande wa pili wa rasi ya Msasani, unaotazama magharibi. Ila kwa ratiba yenu nisingekwenda bahari yoyote. Tafuteni mtaa mtulivu wenye miti mikubwa au uwanja wa shule, dakika tano kutoka kanisani, mkauone wiki moja kabla saa 11 na nusu ile ile, ili mjue jua linakuja kutoka wapi. Kama moyo wenu uko baharini kweli, vaeni tena asubuhi moja baada ya harusi. Mwezi wa Juni jua linatoka kama saa 12 na nusu, linatokea baharini kabisa, Coco haina watu, na gauni likilowa chumvi halidaiwi tena na mtu, isipokuwa kama ni la kukodi.

Saa 1 ya kuingia ukumbini nayo isiwatishe. Kadi hata ikisema saa 12 na nusu, wageni watafika saa 2. MC anajua, kamati inajua.

Kuna hali moja tu ambayo ningekuambia mkutane kabla: mchungaji aseme mnaingia pamoja, na mchumba wako akilisikia hilo aseme mwenyewe kwamba afadhali akuone kwa utulivu. Hapo fanyeni, ila bustani ya hoteli isahauni. Fanyeni kanisani penyewe, nusu saa kabla ya ibada, upande wa jengo wenye kivuli. Shela ikiwa imeinuliwa, ishushwe baadaye ili kuifunua mbele ya altare kubaki kwa heshima yake. Mpiga picha mmoja, asimame mbali, asiseme neno wala kuomba mrudie. Matroni akusanye simu za wapambe wote kabla, kwa maana picha moja ikiwekwa kwenye status, wageni waliokaa ndani watakuwa wamekuona kabla hujaingia mlangoni.

La mwisho ni pesa. Soma makubaliano yenu na mpiga picha uone kama bei yake ni ya siku au ya saa. Kama ni ya saa, ile saa 6 mchana ilikuwa inakuongezea saa tatu za malipo, na ukiiondoa inabidi bei ishuke au saa hizo zihamie jioni. Mwandikie hivyo leo, kwa maneno mawili matatu, na ratiba mpya umtumie pia mwenyekiti wa kamati na yule anayesimamia magari, maana bila huyo wa magari hakuna dakika 35 za mtu yeyote.